RAV4 inagonga na usukani una mchezo: nichunguze nini kabla ya kubadilisha reki na shokapu?

Mwendambali (Iringa)

Habari zenu, wakuu. Naomba msaada wa mawazo kwa wale wenye uzoefu wa sehemu za chini ya gari.

Ninaendesha Toyota RAV4 ya mwaka 2003 yenye usukani wa haidroli. Naishi Iringa mjini, lakini kazi hunipeleka Mufindi karibu kila wiki, na nikishaiacha lami pale Mafinga njia ninayopita ni ya vumbi, mawe na makorongo yaliyochimbwa na mvua. Mwezi uliopita nilikwenda Dar es Salaam, na nilipokuwa nikipanda Kitonga wakati wa kurudi ndipo nilipotambua kwamba gari halinitii kama zamani.

Dalili zenyewe ni hizi. Gurudumu la mbele kushoto likitumbukia shimoni peke yake, au nikipita njia mbovu kwa mwendo mdogo, husikika mlio mkavu wa ko-ko-ko. Jambo la ajabu ni kwamba nikivuka tuta la lami huku magurudumu yote mawili ya mbele yakipanda kwa pamoja, kama yale ya Hifadhi ya Mikumi, mara nyingi sisikii kitu. Pia nikirudi nyuma na kukanyaga breki, kisha nikaenda mbele na kukanyaga tena, hupiga "ko" moja nzito. Usukani una mchezo, yaani ulegevu, ambao haukuwapo, gari linavuta kidogo kushoto, na tairi la mbele kushoto limelika upande wa ndani.

Nimempelekea fundi mmoja wa hapa mjini. Alinyanyua upande wa kushoto kwa jeki, akalitikisa gurudumu mara mbili tatu, akasema reki (mtambo unaogeuza mzunguko wa usukani kuwa mwendo wa kushoto na kulia) imekufa na shokapu zote mbili za mbele zimekwisha. Bei aliyonitajia inakaribia mshahara wangu wa miezi miwili. Sina nia ya kumdharau, kwani yeye ndiye mwenye ujuzi na mimi ni dereva tu, lakini ningependa kujua iwapo kuna namna ya mtu asiye fundi kuhakikisha mwenyewe, akiwa na jeki, tochi na msaidizi mmoja, ni kitu gani hasa kilicholegea.


Fundi Mzee (Morogoro)

Mwendambali, pole na safari. Nimekaa chini ya magari tangu enzi za Peugeot 504, na ninachoweza kukuambia kwanza ni kwamba maelezo yako yamekwisha kufanya nusu ya kazi, maana umesema si tu kwamba gari linagonga, bali linagonga wakati gani na linanyamaza wakati gani.

Chuma cha stabilaiza kimeuunganisha upande wa kushoto na wa kulia. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, chuma hicho huzunguka tu ndani ya bushi zake, yaani vishikizo vyake vya raba, wala hakinyongwi, kwa hiyo linki zake, vile vijiti vinavyokiunganisha na upande wa gurudumu, hazivutwi. Gurudumu moja likitumbukia peke yake, chuma hunyongwa, na linki iliyolegea hugonga. Shokapu iliyokufa haichagui namna hiyo. Tuta ndilo lingekuwa la kwanza kuifichua. Ile "ko" moja ya breki nayo ni tabia ya mkono wa chini, ule unaolishikilia gurudumu kwa chini na wengine tunauita loa amu, ambao bushi yake ya nyuma imechanika: breki ya kwenda mbele inalisukuma gurudumu upande mmoja, breki ya kurudi nyuma inalirudisha, na kila linapohama chuma hukutana na chuma. Hayo ninayasema nikiwa mbali na gari, kwa hiyo usiyachukue kama hukumu. Yachukue kama mahali pa kuanzia tochi.

Anza na vitu vya bure. Pima upepo wa matairi yote asubuhi yakiwa ya baridi, hakikisha nati za magurudumu zimekaza, na upitishe kiganja juu ya tairi lote kutafuta uvimbe. Nimewahi kuletewa gari lililoshushwa usukani mzima kwa sababu ya nati nne ambazo hazikukazwa baada ya pancha.

Kisha chunguza usukani magurudumu yakiwa chini, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa wanakimbilia jeki. Egesha kwenye sakafu ngumu, gia iwe P, breki ya mkono ivutwe, na mawe au kabari ziwekwe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Washa injini, kwa sababu usukani wako ni wa haidroli na bila pampu utapima ugumu badala ya mchezo. Msaidizi akae ndani, ausogeze usukani kushoto na kulia kwa mwendo mdogo wa harakaharaka, bila kuyageuza magurudumu. Pimeni kwanza kwenye duara la usukani umbali ambao mkono unakwenda kabla ya gurudumu kuanza kuitika: vitabu vingi vya Toyota huweka ukomo wa milimita 30, na gari lenye afya huwa chini ya hapo kwa mbali.

Wakati msaidizi anaendelea kuusogeza, wewe piga goti pembeni mwa gurudumu na upitishe mkono nyuma yake. Usijilaze chini ya gari linalonguruma. Shika tai rodi endi, yaani jointi iliyo mwisho wa tai rodi, kile chuma kinachotoka kwenye reki kwenda gurudumuni, namna ambayo kidole kimoja kinagusa nako, chuma kinacholibeba gurudumu, na kingine kinagusa shingo ya tai rodi. Jointi nzima husogea kama kitu kimoja. Jointi iliyolika utaihisi kidoleni: upande mmoja unatangulia, mwingine unachelewa, na mara nyingi huhitaji hata kuuona mchezo huo kwa macho. Kwa ile jointi ya ndani, reki endi, iliyojificha ndani ya raba yenye mikunjo, ibinye raba kwa vidole mpaka uishike jointi yenyewe, kisha urudie. Ukimaliza kushoto nenda kulia, hata kama una hakika ubovu uko kushoto.

Reki yenyewe huhukumiwa mwisho. Mwombe msaidizi aendelee, uangalie kwa tochi kama mwili wake wote unahama kwenye bushi zinazoufunga. Ukihama, huenda bushi hizo ndizo zilizokwisha na reki ni nzima. Fungua klempu ya raba uone kama kuna oili ndani, maana raba huificha oili inayovuja kwa muda mrefu. Tazama pia ile jointi ya krosi ya shafti ya usukani karibu na miguu ya dereva: ikilika hutoa mchezo uleule ambao watu huutupia reki. Iwapo vitu vyote hivi ni vizima na bado kuna mchezo, hapo ndipo tuizungumze reki.

Sasa jeki. Nyanyua mahali palipoimarishwa kwenye bodi, weka stendi za chuma, na tairi la akiba liingizwe chini ya kizingiti cha mlango. Matofali ya saruji hayafai hata yakiwa mapya, kwani hupasuka bila kutoa ishara. Litikise gurudumu kwa juu na chini, kisha kwa kushoto na kulia. Katika vitabu vya wenzetu husema saa 12 na saa 6, kisha saa 9 na saa 3. Nasi tukizihesabu kwa saa zetu tunapata saa sita na saa kumi na mbili, kisha saa tatu na saa tisa, na mikono inaangukia palepale, kwa hiyo hapo hamna wa kubishana naye. Mchezo wa kushoto na kulia peke yake hutokana na jointi za usukani. Mchezo wa juu na chini hutokana na beringi au boljointi (jointi inayounganisha mkono wa chini na nako), na njia ya kuzitenganisha ni rahisi: msaidizi akanyage breki kwa nguvu, nawe utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi, kwa kuwa breki imelifunga gurudumu na nako pamoja. Ukibaki, tazama boljointi.

Bushi za mkono wa chini hazitikisiki kwa mikono. Chukua bisibisi kubwa au mtaimbo mdogo, uupenyeze kati ya mkono na fremu, usukume kwa kiasi. Raba hunyumbuka, hilo ni jambo la kawaida. Unachotafuta ni mpasuko unaofunguka na kufunga, au chuma cha katikati kinachoelea. Linki ya stabilaiza usiipime gurudumu moja likiwa juu na jingine chini, kwa sababu wakati huo chuma kimenyongwa na kimeibana linki hata kama ni mbovu. Magurudumu yote mawili yawe chini, au yote yawe juu, ndipo uishike na kuitikisa.


Mwanapwani (Mombasa)

Nakubaliana na Fundi Mzee karibu katika yote, nami ningependa kuongeza machache kuhusu shokapu, kwa sababu ndicho kipuri ambacho wateja huuziwa bila kukihitaji kuliko kingine chochote.

Mafundi wengi hulikandamiza gari kwenye kona ya boneti, wakaliachia, na likiyumba zaidi ya mara moja na nusu husema shokapu imekufa. Jaribio hili lina nusu ya ukweli. Likiyumba mara tatu au nne, ni kweli shokapu imekwisha. Lakini likitulia mara moja hujathibitisha kwamba ni nzima, kwani kasi ya mkono wako ni ndogo mno ukilinganisha na kasi ya gurudumu linalopiga mashimo kwa kilomita 60 kwa saa, na kwenye gari kuukuu msuguano wa bushi zilizokauka peke yake hutosha kulituliza. Ushahidi ninaouamini zaidi ni wa aina mbili. Wa kwanza ni tairi: shokapu iliyochoka huliachia gurudumu lirukeruke, na tairi hulika kwa mabonde madogo yanayofuatana, ambayo utayahisi ukipitisha kiganja kuzunguka. Wewe umesema limelika ndani tu, na hilo ni suala la pembe za gurudumu. Wa pili ni oili: unyevu mwembamba wenye vumbi karibu na sili ya juu ni jambo la umri, ilhali mwili uliolowa mpaka chini, hata matone yakaonekana kwenye kikombe cha springi, ni shokapu ya kubadilisha, na hubadilishwa zote mbili za ekseli moja kwa pamoja.

Ukiwa hapo na tochi, ifuate springi mpaka mzingo wake wa mwisho wa chini. Huku kwetu pwani, ambako chumvi ya bahari haimwachi mtu, na kwa magari yaliyotoka sehemu za Japani zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, springi hukatika pale pale chini, kipande kikabaki kimekaa ndani ya kikombe chake, na mwenye gari akaendesha miezi bila kujua ila kwa mlio na upande mmoja ulioinama kidogo.

Kuna kitu kimoja ambacho hakijatajwa, nacho ni mauntingi ya juu ya shokapu, yaani kishikizo chake kwenye bodi, pamoja na beringi yake. Gari likiwa chini, weka kiganja juu ya springi kwa wepesi, vidole visiingie katikati ya mizingo, na mwenzako ageuze usukani taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Springi inayozunguka vizuri huifuata shokapu bila kelele. Ikikwama, ikajikusanya, kisha ikaruka ghafla na mlio wa "dwee", beringi ya juu imekamata, na gari la namna hiyo huwa gumu kuurudisha usukani wenyewe baada ya kona.

Kuhusu kuvuta kushoto, kumbuka kwamba sisi huku tunaendesha kushoto na barabara zetu huinama kuelekea kando ili maji yatiririke, kwa hiyo gari zima kabisa nalo huweza kuelekea kushoto kidogo. Litafutie uwanja tambarare ulipime kwanza. Bado likivuta, badilishana matairi ya mbele, la kushoto liende kulia. Upande wa kuvuta ukihama, chanzo ni tairi. Usipohama, gusa rimu baada ya mwendo wa dakika kumi bila kutumia breki sana, na rimu iliyo moto kuliko mwenzake itakuambia kwamba kalipa ya breki imekamata na suala lako wala si la usukani.


Dereva wa Masafa (Singida)

Naomba kuingilia kidogo. Mimi nina Prado ya zamani, ile yenye springi inayokalia mkono wa chini. Nimekuwa nikinyanyua kwenye fremu na kutikisa kama Fundi Mzee alivyoeleza, boljointi inaonekana imekaza kabisa, lakini mwenzangu mwenye gari kama langu gurudumu lilimlalia barabarani wiki chache baada ya kupima kwa njia hiyohiyo. Tunakosea wapi?


Fundi Mzee (Morogoro)

Swali zuri, na kosa ni langu kutolisema. Katika RAV4 uzito wa gari hupitia kwenye springi na mauntingi ya juu mpaka kwenye bodi, na boljointi ya chini haibebi uzito huo, kwa hiyo ukinyanyua kwenye bodi jointi inaachwa huru na mchezo wake unaonekana. Kwako wewe springi inaukandamiza mkono wa chini. Ukinyanyua kwenye fremu, springi yote inaendelea kuivuta boljointi, inaibana, na hata iliyolika itakuonyesha uso wa uzima. Weka jeki chini ya mkono wenyewe, karibu na boljointi uwezavyo, unyanyue mpaka tairi liachane na ardhi kidogo, kisha upenyeze mtaimbo chini ya tairi na kulisukuma juu. Hapo itasema. Kwa gari la aina yako usisubiri ianze kugonga.


Mwendambali (Iringa)

Wakuu, nashukuru kwa moyo wote. Jumamosi nilitumia asubuhi nzima na shemeji yangu, yeye akiwa ndani na mimi nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi.

Upepo wa tairi la kushoto ulikuwa pungufu, nikaujaza. Mchezo wa usukani tuliupima kwa utepe tuliobandika kwenye duara lake, tukapata karibu milimita 40. Kushoto jointi zote mbili za usukani zilikuwa zimetulia, na nilikuwa karibu kuacha hapo, lakini nikakumbuka agizo la kwenda pande zote mbili. Tai rodi endi ya kulia, upande ambao sikuwa nikiufikiria kabisa, ilikuwa na mchezo ambao niliuhisi kidoleni waziwazi, na raba yake imepasuka, imejaa mchanga. Mwili wa reki hauhami na ndani ya raba zake ni pakavu.

Linki ya stabilaiza ya kushoto, magurudumu yakiwa yote chini, inatikisika kwa vidole viwili na kutoa mlio uleule ninaousikia njiani. Bushi ya nyuma ya mkono wa chini wa kushoto imechanika zaidi ya nusu. Nilipoisukuma kwa bisibisi, mpasuko ulifunguka kiasi cha kuingia ncha ya kidole. Gurudumu halina mchezo wa juu na chini. Shokapu ya kushoto ina unyevu wenye vumbi karibu na juu, ya kulia ni kavu, na matairi hayana mabonde. Springi ni nzima na hazirukiruki.

Nimerudi kwa fundi wangu, nikamwonyesha bila kumsuta. Aliitikisa linki mwenyewe, akacheka, akasema siku ile alikuwa na magari matano uani. Amekubali kuanza na vitu hivyo vitatu. Je, kuna jambo la kuangalia wakati wa kufunga?


Fundi Mzee (Morogoro)

Yapo mawili, na la kwanza ndilo linalowafanya watu waseme bushi mpya ni feki baada ya miezi mitatu.

Bushi ya mkono wa chini ni raba iliyoshikamana na chuma cha nje na cha ndani, na mkono unapopanda na kushuka raba hiyo hunyongwa kidogo kila upande. Ukiikaza boliti yake gurudumu likiwa linaning'inia hewani, umeifunga raba katika hali ya kuning'inia. Ukishusha gari, raba inabaki imenyongwa muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa, na kila shimo linaongeza juu yake mpaka inachanika. Kwa hiyo boliti za bushi zifungwe kwa mkono tu gari likiwa juu, kisha gari lishushwe mpaka uzito wake wote uwe juu ya magurudumu, lisukumwe mara mbili tatu likae, ndipo zikazwe kwa nguvu yake kamili. Ni usumbufu kuzifikia gari likiwa chini, nami najua fundi mwenye magari matano uani atashawishika kuiruka hatua hii. Simama hapo. Linki nayo nunua mbili, kushoto na kulia, kwa sababu ya kulia imetembea kilomita zilezile.

La pili ni tai rodi endi. Kabla ya kuifungua, nati ya kufungia iwekewe alama ya rangi, na idadi ya mizunguko ya kuitoa ihesabiwe, ili mpya irudishwe kwa mizunguko ileile. Hilo halichukui nafasi ya alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu, bali hukuwezesha kufika kwenye alaimenti ukiwa na gari linalokwenda mbele. Pini ya usalama iwe mpya.

Alaimenti ifanyike mwisho kabisa, baada ya kila kitu kukazwa. Kuipima gari lenye bushi iliyochanika ni sawa na kumpima mtu nguo akiwa anatembea. Tairi lako limelika ndani kwa sababu bushi ile ilikuwa ikiliachia gurudumu libadilishe mwelekeo kila ulipokanyaga gesi na breki. Baada ya bushi mpya, tou, yaani kiasi ambacho magurudumu ya mbele yanaelekea ndani au nje, itarekebishwa kwenye tai rodi. Shokapu ziache, uzifute unyevu huo kwa kitambaa, uzitazame tena baada ya safari mbili za Mufindi.


Mwendambali (Iringa)

Kazi imekamilika juzi. Gari limenyamaza kabisa, katika mashimo na katika breki, na mchezo wa usukani umeshuka hadi chini ya milimita 15. Bushi zilikazwa gari likiwa chini, nilisimama palepale.

Limebaki jambo moja. Baada ya alaimenti gari linakwenda sawa na halivuti, lakini usukani umeinama kulia kama unavyoona akrabu ya saa ikipita kidogo alama yake. Kijana wa alaimenti amenishauri nilirudishe gari, auchomoe usukani na kuupachika upya jino moja au mawili upande wa pili, kazi ya dakika kumi. Nikubali?


Mwanapwani (Mombasa)

Usikubali kabla ya kujua katikati ya reki iko wapi. Gari likiwa limesimama na injini inawaka, geuza usukani hadi mwisho wa kushoto, usiung'ang'anize pale kwa muda mrefu kwa sababu pampu hubanwa, kisha uhesabu mizunguko hadi mwisho wa kulia. Rudi nusu kamili ya hesabu hiyo. Hapo reki iko katikati. Ukiukuta usukani umenyooka, basi usukani umepachikwa mahali pake tangu kiwandani, na kilichopinda ni urefu wa tai rodi: moja imekuwa ndefu na nyingine fupi, na magurudumu yamenyooka kwa gharama ya usukani. Ukiuhamisha kwenye meno yake utaficha kosa hilo, gari litakuwa linakata kona fupi upande mmoja na ndefu upande mwingine, na juu ya hayo kuna utepe wa umeme wa mfuko wa hewa ulioviringishwa nyuma ya usukani, ambao ukifungwa nje ya katikati yake hukatika siku utakapogeuza mpaka mwisho.

Tiba yake ni kuufunga usukani ukiwa umenyooka kwa kile kishikizo cha watu wa alaimenti, kisha tai rodi zote mbili zirekebishwe, moja ikifupishwa kwa kiasi ambacho nyingine inarefushwa, ili tou ibaki ileile. Niulize pia: fundi wako alihesabu mizunguko ya ile ya kulia?


Mwendambali (Iringa)

Hakuhesabu. Ile ya zamani ilikuwa imeshika kutu, akaikata kwa grainda, na mimi wakati huo nilikuwa nimekwenda kuchukua bushi.

Nimefanya jaribio lako leo asubuhi. Nikirudi nusu, usukani umenyooka kabisa. Nimelirudisha gari kwenye alaimenti, wakaufunga usukani katikati, na ilipofunguliwa nati ya tai rodi ya kulia ilionekana kwamba ilikuwa imeingizwa kwa tofauti ya mizunguko mitatu na ushei na ile ya kushoto. Wamezisawazisha zote mbili bila kunitoza tena. Nimetoka hapo hadi Ilula na kurudi, na usukani umenyooka.